Kutoka Mtumba hadi Dhamana: Historia ya Simu Iliyotumika katika Nchi Zetu Jirani



Tunapozitazama nchi jirani huwa tunaanza na mipaka, katiba na viongozi. Leo tutaanza na kitu kidogo ambacho huenda unakishika mkononi unaposoma makala haya, yaani simu. Nacho kina historia, na historia hiyo ina somo la uraia ndani yake.

Mzazi mwenye akiba ndogo anapoingia dukani Kampala, Kigali, Nairobi au Dar es Salaam, mara nyingi hukuta njia mbili kwa fedha zile zile. Njia ya kwanza ni simu janja mpya ya bei ya chini, iliyofungwa katika boksi lake, lakini yenye uwezo mdogo. Njia ya pili ni simu ya kiwango cha juu zaidi, iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine ng'ambo, ikakarabatiwa, na sasa inauzwa kwa sehemu tu ya bei yake ya awali. Kuchagua vibaya si hasara ndogo. Kupitia simu hiyo familia hupokea fedha, mtoto husoma, na raia huomba vyeti vya serikali katika mifumo kama Irembo ya Rwanda na eCitizen ya Kenya. Simu ikifa baada ya miezi mitatu, akiba ya mwaka mzima huenda nayo.

Wengi hulijibu swali hili kwa neno moja: kipya ni bora, cha zamani ni hatari. Historia ya eneo letu haikubaliani na jibu hilo. Kwa muda mrefu, kilichomwumiza mnunuzi wa kipato kidogo ni kutojua asili ya kitu anachonunua, kuliko ukuukuu wa kitu chenyewe. Hebu tuifuate hoja hiyo hatua kwa hatua.

Maneno manne yasiyofanana

Kabla ya kusonga mbele, tutenganishe maneno manne ambayo sokoni huchanganywa, wakati mwingine kwa makusudi.

Simu *mpya* ni ile ambayo haijawahi kuwa na mtumiaji. Simu *iliyotumika* imewahi kuwa na mwenyewe, na inauzwa jinsi ilivyo. Simu *iliyokarabatiwa* nayo ilitumika, lakini kabla ya kuuzwa tena imepimwa, ikafutwa kumbukumbu za mwenyewe wa kwanza, na vipuri vilivyochoka, kama betri au kioo, vikabadilishwa. Simu *bandia* ni ile iliyotengenezwa kwa kuiga jina la kampuni isiyoihusu.

Angalieni kwamba maneno matatu ya kwanza yanaeleza umri na matunzo, ilhali neno la nne linaeleza uongo. Simu bandia inaweza kuwa mpya kabisa. Tofauti hiyo tutaihitaji baadaye.

Mtumba kabla ya simu

Katika lugha ya misafara ya karne ya 19, mtumba ulikuwa robota la mzigo, mara nyingi la nguo, lililobebwa na mpagazi kutoka pwani kwenda bara. Baadaye neno hilo likahamia kwenye nguo zilizovaliwa ng'ambo, zilizoingia bandarini zikiwa zimefungwa katika marobota. Biashara hiyo ilipanuka sana baada ya serikali nyingi za eneo letu kulegeza masharti ya uagizaji bidhaa katika miaka ya 1980 na 1990. Leo neno mitumba linaweza kutumika kwa karibu kila kitu kilichotumika, kuanzia viatu hadi friji.

Majirani zetu wana majina yao. Waganda huziita nguo hizo *mivumba*. Wanyarwanda husema *caguwa*, neno lililotokana na kitenzi chetu cha Kiswahili *chagua*. Nchini Zambia huitwa *salaula*, neno la Kibemba lenye maana ya kupekua rundo. Majina haya mawili ya mwisho yanataja kazi ya mnunuzi: kuinama, kupekua, kuchagua. Shati la mtumba hujieleza lenyewe. Ukilishika unajua kama kitambaa kimechoka, na ukilinyanyua kwenye mwanga unaona tundu. Shahidi wa mnunuzi ni jicho lake na vidole vyake.

Gari halikuwa hivyo. Magari yaliyotumika, hasa kutoka Japani, yalipoanza kujaa barabarani, jicho halikutosha tena, kwa sababu rangi inayong'aa inaweza kuficha injini iliyokufa. Hapo ndipo dola ilipolazimika kuingia kati. Kenya iliweka kanuni kwamba gari lililotumika linaloingizwa nchini lisiwe na umri wa zaidi ya miaka 8, na kwamba likaguliwe kabla halijasafirishwa. Uganda, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2018, ilikataza kuingiza magari yenye umri wa zaidi ya miaka 15. Unaweza kukubali au kukataa viwango hivyo, lakini msingi wake ni mmoja: kitu ambacho ndani yake hakuonekani lazima kije na ushahidi ulioandikwa.

Simu iko upande wa gari, wala si upande wa shati. Ila ilituchukua miaka mingi kulitambua hilo.

Simu inaingia

Mwishoni mwa miaka ya 1980, mfanyabiashara Miko Rwayitare, mzaliwa wa Rwanda, alianzisha kampuni ya Telecel mjini Kinshasa, na simu za mkononi zikaanza kusikika katika mikono ya mawaziri na matajiri wa nchi iliyoitwa Zaire wakati ule. Nchini Tanzania, Mobitel ilianza huduma zake mwaka 1994. Uganda ilifuata mwaka 1995 kupitia Celtel. MTN iliingia Uganda na Rwanda mwaka 1998, na Kenya ilipata ushindani wa kweli mwaka 2000, Safaricom na Kencell zilipoanza kugombea wateja.

Katika miaka hiyo simu ilikuwa kitu cha watu wachache. Mwaka 2003, MTN Uganda na taasisi ya Grameen Foundation zilianzisha mpango wa simu za vijijini: mwanakijiji mmoja alikopeshwa simu, naye akawauzia majirani muda wa maongezi. Maana yake ni kwamba simu moja ilikuwa ya kijiji.

Mwaka huo huo wa 2003, Nokia ilitoa modeli yake ya 1100. Ilikuwa simu rahisi, ngumu, yenye tochi, na iliuzwa duniani kote zaidi ya milioni 250. Tochi yake iliwavutia watu kiasi kwamba simu za namna hiyo zilipewa majina kila mahali. Tanzania huitwa *kitochi*, Kenya *mulika mwizi*, na Uganda *katorchi*. Mwanafunzi wa Kiswahili anayesafiri ayakumbuke majina haya, kwani yatamsaidia kuliko neno lolote la kamusi.

Simu hizo zilidumu, na kwa sababu zilidumu, ziliuzwa tena na tena. Ndugu alimwachia ndugu, na mfanyakazi wa mjini alimpelekea mama yake kijijini ile aliyoitumia miaka 3. Hapo akazaliwa fundi simu, yule mwenye meza ndogo kando ya barabara, bisibisi nyembamba, brashi na chupa ya spiriti. Mnunuzi wa simu iliyotumika alimtegemea fundi kama mnunuzi wa gari anavyomtegemea makanika. Fundi aliifungua, akaitazama, akasema, "Hii haijaingia maji." Shahidi wa mnunuzi alikuwa amehama kutoka kwenye jicho lake mwenyewe kwenda kwenye neno la mtu mwenye ujuzi.

Mwezi Machi 2007, Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya. Mwaka uliofuata huduma hiyo ikafika Tanzania kupitia Vodacom, na mwaka 2009 MTN ikaanzisha huduma yake ya fedha nchini Uganda. Kuanzia hapo simu haikuwa tena chombo cha maongezi tu, bali ilikuwa mfuko wa fedha. Kuuziwa simu mbovu kukawa jambo zito zaidi.

Usiku simu zilipozimwa

Katika miaka ile ile, masoko yetu yalijaa simu za bei nafuu sana zilizobeba majina yaliyofanana na ya kampuni maarufu, pengine kwa herufi moja tu kubadilishwa. Ziling'aa na zilikuja katika maboksi mazuri. Watu wengi waliokwepa simu iliyotumika kwa kuogopa ubovu walikimbilia hizo, wakiamini kwamba kipya ni salama.

Ili kuelewa kilichofuata, ni lazima tujue nambari ya IMEI. Kila simu halisi hupewa nambari yake ya utambulisho yenye tarakimu 15, nayo huonekana ukibonyeza *#06#. Mtandao wa simu huisoma nambari hiyo kila simu inapojiunga nao. Simu bandia nyingi hazikuwa na nambari halali, na nyingine nyingi zilichangia nambari moja.

Kenya ilichukua hatua kwanza. Mwishoni mwa Septemba 2012, baada ya tarehe za awali kuahirishwa, Tume ya Mawasiliano iliagiza simu bandia zizimwe, na simu zipatazo milioni 1.9 zikapoteza mtandao. Tanzania ilifuata, ikitumia Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, iliyotaka kuwepo kwa rajisi ya nambari za vifaa. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliwatangazia wananchi watume nambari ya IMEI kwenda 15090 ili wajue hali ya simu zao, na usiku wa tarehe 16 Juni 2016, saa 6 usiku, simu bandia zikazimwa.

Tulitazame tukio hili kwa makini, kwa sababu ndilo kiini cha somo letu. Simu halisi iliyotumika miaka 5, yenye mikwaruzo kila upande, haikuzimwa. Simu bandia iliyotolewa kwenye boksi siku iliyotangulia ilizimwa. Mtandao haukuuliza umri wa simu, uliuliza utambulisho wake. Wale walioepuka cha zamani kwa ajili ya usalama ndio walioamka asubuhi wakiwa na kifaa kisichopiga wala kupokea.

Jambo la pili ni la haki. Aliyezimiwa simu ni mnunuzi, si aliyemwuzia wala aliyeiingiza nchini. Kumtaka raia ajue kile ambacho forodha na muuzaji walishindwa au walikataa kukijua ni kumbebesha mzigo wa wengine. Waswahili husema mtu ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na kwa kawaida humcheka aliyenunua. Mwalimu wa uraia anapaswa kuuliza pia nani alilifunga gunia hilo.

Simu janja na njia ndefu ya kufika kwetu

Simu janja za kisasa zilianza kuenea duniani baada ya iPhone ya kwanza mwaka 2007 na simu ya kwanza ya Android mwaka 2008. Kwetu, mlango ulifunguliwa na modeli za bei nafuu kama IDEOS ya Huawei, iliyouzwa Kenya mwaka 2011 kwa bei ambayo wengi hawakuitarajia, na baadaye na simu za Tecno na ndugu zake za kampuni ya Transsion, zilizoleta laini mbili na betri kubwa.

Huko Ulaya na Marekani, wateja wengi walipata simu kwa mikataba ya miaka 2, na mkataba ulipokwisha walichukua mpya. Simu zilizoachwa zilikuwa bado na nguvu. Zikakusanywa na wafanyabiashara, nyingi zikapitia masoko ya Dubai, hasa eneo la Deira, kisha zikaja kwetu. Ndiyo maana dukani Nairobi muuzaji huisifu simu kwa kusema ni "ex-UK", na Dar es Salaam utaambiwa ni "ya Dubai". Mwaka 2013 Apple yenyewe ilianza kupokea simu za zamani katika maduka yake ya Marekani ili kumpunguzia mteja bei ya mpya. Simu iliyotumika ilikuwa imeingia katika hesabu za kampuni kubwa.

Mwaka huo huo Apple iliongeza kufuli linaloifunga simu kwenye akaunti ya mwenyewe, na Google ikaleta ulinzi wa namna hiyo kwa Android mwaka 2015. Lengo lilikuwa kumkatisha tamaa mwizi, kwani simu iliyoibwa ikifutwa huomba nenosiri la mwenyewe, na bila hilo ni tofali. Kwa mnunuzi wa simu iliyotumika, kufuli hilo liligeuka kuwa shahidi mpya. Simu inayofunguka bila akaunti ya mtu mwingine ina dalili nzuri kwamba mwenyewe aliiachia kwa hiari.

Katika miaka ya 2020 yakatokea pia makampuni yanayofanya ukarabati kuwa kazi rasmi, yakitoa risiti na dhamana. Mojawapo, la Nairobi, limejiita Badili, na mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji kuelezwa kwa nini.

Hoja ya wanaopinga

Wapo wanaosema kwamba nchi zetu zisiwe jalala la vitu vilivyochokwa na wengine. Hoja hii ina uzito, na si haki kuipuuza.

Mwaka 2009 serikali ya Uganda ilitangaza marufuku ya kuingiza baadhi ya vifaa vya umeme vilivyotumika, yakiwemo majokofu, runinga na kompyuta, kwa sababu ya taka na sumu zake. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa hatua kwa hatua nguo za mitumba ili kuvipa viwanda nafasi. Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo hizo kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikasimamisha nafuu ya ushuru iliyokuwa ikizipa nguo za Rwanda. Kenya ilikuwa imekwisha kurudi nyuma. Rwanda haikurudi.

Upande wa simu, Rwanda ilifungua kiwanda cha Mara Phones mjini Kigali mwezi Oktoba 2019, simu zake zikiuzwa kati ya dola 130 na dola 190 hivi. Kenya ilifungua kiwanda cha kuunganisha simu huko Athi River mwezi Oktoba 2023, na simu zake za kwanza ziliuzwa kuanzia shilingi 7,499. Ni hatua za kujivunia. Hata hivyo kwa familia nyingi dola 130 ni fedha nyingi, na kwa fedha hizo sokoni kulikuwa na simu zilizotumika zenye kamera, kioo na kasi bora zaidi.

Kodi nayo ina nafasi yake. Mwaka 2009 Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye simu, na mwaka 2013 ikairudisha kwa asilimia 16. Kila serikali inapopandisha bei ya kipya, humsukuma mnunuzi maskini kwenye kilichotumika. Si haki kumsukuma huko kisha kumwacha bila ulinzi.

Kuhusu taka, ulimwengu una Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, na Afrika ina wake wa Bamako wa mwaka 1991, uliokaza zaidi masharti ya kuingiza taka za sumu barani. Mikataba hii inazuia taka, nayo simu inayofanya kazi si taka. Ugumu uko katika kutenganisha vitu hivyo viwili ndani ya kontena moja, na hapo tunarudi kwenye suala lile lile la upimaji na ushahidi. Rwanda imejenga kituo cha kuchambua taka za kielektroniki katika Wilaya ya Bugesera, kwa sababu hata simu bora hufa siku moja na lazima iwe na mahali pa kuzikwa.

Jirani wa magharibi

Kuna jirani mmoja ambaye hatuwezi kumwacha katika historia hii. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini ilikuwa ndani ya simu zetu muda mrefu kabla ya hapo. Koltani, inayotoa metali ya tantali, huchimbwa Kivu, pakiwemo Rubaya katika Masisi. Kobalti, inayotumika katika betri, hutoka Kolwezi na maeneo ya jirani, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo. Kote huko Kiswahili ni lugha kuu ya mawasiliano.

Hivyo metali iliyochimbuliwa na mtu anayezungumza lugha yetu husafiri hadi Asia, hugeuzwa simu, huuzwa Ulaya, hutumiwa miaka 2, hupitia Dubai, na huenda ikauzwa tena Goma. Bei ya koltani ilipopanda ghafla mwaka 2000, vita vya Kivu vilipata mafuta mapya. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya kuyataka makampuni yaeleze kama madini yao yanatoka katika maeneo hayo ya vita. Kuitumia simu moja kwa miaka 6 badala ya 2 hakuwezi kumaliza mgogoro huo, na wako wachimbaji wanaoishi kwa kazi hiyo. Lakini ni njia mojawapo ya kuheshimu jasho lililokwisha kumwagika.

Mashahidi watano wa mnunuzi

Sheria za majirani zetu zinamtambua mnunuzi. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na haki ya kupata taarifa anazohitaji ili anufaike nazo. Rwanda ina sheria ya ushindani na kumlinda mlaji ya mwaka 2012, Uganda ina sheria ya uuzaji wa bidhaa na utoaji wa huduma ya mwaka 2017, na Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Haki hizi hazitoweki kwa sababu kitu kimetumika. Lakini huwa na nguvu pale tu mnunuzi anapokuwa na ushahidi. Kutokana na historia tuliyoipitia, naona mashahidi watano.

Wa kwanza ni *nambari*. Bonyeza *#06# na ulinganishe na nambari iliyo kwenye boksi na kwenye risiti. Usiku wa mwaka 2012 na ule wa 2016 ilitufundisha sababu.

Wa pili ni *kufuli*. Simu ifutwe mbele yako, kisha iwashwe. Ikiomba akaunti ya mtu mwingine, usitoe fedha.

Wa tatu ni *betri*. Betri za simu huchoka kwa kuchajiwa, na nyingi hubakiwa na takriban asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500 hivi. Simu iliyokarabatiwa kweli imebadilishiwa betri au inaonyesha hali yake. Iliyopakwa ng'aro tu haiwezi.

Wa nne ni *programu*. Simu inaweza kuwa nzima lakini ikakataliwa na programu. Mwezi Oktoba 2023, WhatsApp ilianza kuhitaji Android 5.0 au zaidi, na kiwango cha namna hiyo huendelea kupanda. Uliza ni toleo gani la Android au iOS, na kama bado linapokea masasisho ya usalama, hasa kwa simu itakayobeba fedha zako.

Wa tano ni *karatasi*. Risiti itaje modeli, nambari, tarehe na muda wa dhamana. Alama za A, B na C ambazo wauzaji hupenda kuandika hazina maana moja kwa wote, kwa hiyo zisichukue nafasi ya dhamana. Muuzaji anayekataa kuandika maneno aliyoyasema kwa mdomo amekwisha kukujibu.

Na wewe unayeuza simu yako kuukuu una wajibu wako: toa laini na kadi, ondoka kwenye akaunti, futa kila kitu. Sheria za kulinda taarifa binafsi sasa zipo katika nchi hizi nne, lakini hazitakufutia picha zako.

Hitimisho

Kwa mwenye bajeti ndogo, simu iliyokarabatiwa yenye mashahidi wote watano ni ununuzi bora kuliko simu mpya dhaifu, na ni bora mara nyingi zaidi kuliko mpya isiyojulikana imetoka wapi. Ikikosa mashahidi hao, simu mpya ya bei ya chini yenye dhamana ya duka ndiyo salama, hata kama kamera yake ni hafifu. Serikali zetu zilijifunza kudai karatasi kwa kila gari lililotumika. Simu nazo zinastahili upimaji wa aina hiyo bandarini, ili mnunuzi wa Kariakoo au wa Luthuli asiwe mkaguzi wa mwisho na wa pekee.

Maswali ya kujadili darasani

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya simu iliyotumika, iliyokarabatiwa na bandia.
2. Je, ilikuwa haki kuzima simu bandia bila kuwafidia walionunua? Toa sababu mbili za kila upande.
3. Katika nchi yako, nguo za mitumba na simu za tochi huitwaje? Majina hayo yanatueleza nini kuhusu watumiaji wake?
4. Andika risiti fupi ya simu iliyokarabatiwa, ukitaja mambo yote ambayo mnunuzi anahitaji kuyajua.